Siku Maharage Yaliposhonwa

Pembeni mwa mji, pale lami inapochoka na kugeuka changarawe, kuna mtaa wa nyumba ndogo zilizopeana migongo kama ndugu waliogombana wakalazimika kulala kitanda kimoja. Ukiingia humo ukauliza fundi wa makochi yuko wapi, watu watakutazama kidogo, kisha watasema, "Ah, Mama Sponji," na kidole kitakuelekeza kwenye nyumba yenye geti la bluu, ambako viti visivyo na nguo vimesimama ukumbini, mifupa nje, vikingoja zamu.

Mwenyewe utamkuta amebana misumari midogo kwa midomo, sindano iliyopinda kama ukucha wa paka mkononi, na nywele zimejaa chembe za manjano za sponji. Mumewe ni kinyozi, na kibanda chake kiko hapo hapo mbele ya nyumba. Huwaambia wateja kwamba yeye hakuoa mke, alioa kifaranga. Mama Sponji hujibu kutoka ukumbini, misumari ikiwa bado mdomoni, kwamba kifaranga ndiye anayemlisha jogoo. Wamerushiana maneno hayo tangu wakiwa vijana, na mpaka leo wote wawili hucheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Kazi aliipata kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa na watoto wa kiume wa kutosha, lakini wote walitaka kazi za kukalia viti, hakuna aliyetaka ya kuvitengeneza. Basi akamchukua mpwa wake wa kike. Alimfundisha kwamba kochi ni kama mtu: ukitaka kujua limelelewaje, usitazame nguo, fungua tumbo. Akamfundisha pia kutotupa kitu. Kipande cha sponji kisichofaa mgongo kitafaa mkono, kisichofaa mkono kitafaa mto, na kisichofaa mto kiweke, kitasema chenyewe kinataka kuwa nini.

Habari ya maharage ilianza kwa bahati, tena ndani ya kochi la mtu. Mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mstaafu mwenye sauti kama kengele ya shule, alikuwa ameleta kochi lake livikwe kitambaa kipya. Mama Sponji alikuwa ameshalipasua na kulitoa matumbo. Maharage yake yalikuwa jikoni, yamechemka kwa nguvu lakini bado yana ubishi, mara mkaa ukaisha. Kwa muuza mkaa ni ng'ambo ya barabara, na mteja mwingine ameshaingia getini. Ili sufuria isipoe, akaizungushia blanketi, akaitumbukiza kwenye tumbo la kochi la Mwenyekiti, akaifukia kwa mito na kusema moyoni kwamba anarudi sasa hivi.

Kazi ikamnasa. Alipokumbuka, jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba. Alifukua mito akiwa ameshakata tamaa, akakuta sufuria ingali inaunguza vidole na maharage yamelainika yanayeyuka mdomoni. Akaonja moja, akalitazama jiko: baridi, jivu tupu. Akaonja lingine, akalitazama kochi.

Kochi lilirudi kwa mwenyewe likiwa na kitambaa kipya na harufu ya kitunguu. Mwenyekiti alilalamika muda mrefu kwamba kila akikaa kusoma gazeti anasikia njaa.

Tangu siku hiyo Mama Sponji akaanza kushona vikapu. Alichukua vikapu vikuukuu, akavitandika sponji za mabaki, akaweka blanketi juu yake ili sufuria isigusane na sponji, kisha akashona mto mnene wa kufunikia. Chakula kinachemshwa vizuri motoni, kinaingia kikapuni, moto unazimwa, nacho kinajimalizia chenyewe. Kinyozi alikula majaribio yote, mabichi na mabivu, bila kunung'unika. Alisema tumbo lake limekuwa ofisi ya utafiti. Jirani kadhaa nao waligawiwa vikapu, lakini kwao maharage yaligoma kuiva, wakarudi kwenye mkaa.

Ilikuwa wakati mtaa mzima unahangaika na habari ya mkaa na miti. Nyuma ya nyumba kuna kilima, na watu wazima wanakumbuka kilipokuwa na miti mpaka ukiingia mchana unasikia baridi. Gunia kwa gunia, miti ikaenda jikoni. Kinyozi alikuwa akisema katika maisha yake hajawahi kunyoa kichwa kikatakata namna ile. Joto likaongezeka, na mvua kubwa zilipokuja, tope lilishuka likaingia vyumbani bila kubisha hodi. Baada ya hapo Mwenyekiti aliunda kamati ya mazingira, na kusema kweli ilifanya kazi. Mapipa ya kukinga maji ya mvua yakasimama chini ya mapaa. Maganda na mabaki ya jikoni yakawa mbolea badala ya kuwa mlo wa inzi. Miche ikapandwa kilimani. Lakini mkaa uliendelea kuingia mtaani kama kawaida. Mama Sponji aliwaambia kikaoni kwamba mkono wa kulia unapanda na wa kushoto unapikia alichokipanda mwenzake. Watu wakacheka, wakaenda nyumbani, wakawasha majiko.

Na hakuna jiko lililowaka kama la wifi yake.

Huyo ni dada mkubwa wa kinyozi, mwanamke mpana mwenye mikono ya kukanda na sauti ya kuamrisha, na mtaa ulimpa jina la Jemedari kwa namna alivyozipanga sufuria zake kama askari. Kila mwaka mtaa una siku moja ya kazi: watu huzibua mitaro, hupanda miche, hukarabati njia, kisha hula pamoja kwenye uwanja wa shule. Mpishi ni Jemedari, miaka yote. Alipika akiwa msichana, alipika akiwa mjamzito, alipika akiwa mjane mpya mwenye macho mekundu, na siku hiyo walisema afadhali amelia moshi ukapata lawama. Lakini moshi haukuwa mwema kwake. Kifua kilianza kumbana kidogo kidogo, na miaka ya mwisho, chakula kikiiva, sauti yake ilikuwa imekwisha. Aliwaita watu kula kwa kugonga mwiko kwenye mfuniko, maana koo halikutoa kitu zaidi ya kikohozi.

Mwaka mmoja hakuweza hata kugonga. Walimkuta ameshikilia nguzo ya goli, midomo imebadilika rangi, wakamkimbiza zahanati. Daktari alimpa dawa ya kuvuta na neno moja: yeye na moshi, basi.

Kamati ikakaa, ikaamua kwa huruma kwamba mwaka unaofuata watakodi wapishi kutoka mjini, na Jemedari atakaa mbele na wageni wa heshima. Waliona wamemtunza. Habari ilimfikia kwenye kibanda cha kinyozi, maana hakuna habari isiyopita hapo. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatazama mikono yake, akasema polepole, "Mimi nisipopika, nikae wapi?"

Kinyozi alizima mashine. Mama Sponji alikuwa mlangoni na uzi mkononi, na swali lile likamwingia kama sindano iliyokosa kitambaa. Miaka yote wametaniana na wifi yake, wamekatana macho, wamebetuliana midomo juu ya chumvi na juu ya kinyozi, lakini hakuwahi kumsikia akiuliza kitu bila kuwa na jibu lake tayari.

Alikwenda kwa Mwenyekiti jioni ile ile. Akasema wifi yake atapika siku ya mtaa, na hatavuta moshi, kwa sababu chakula kitaivia kwenye sponji. Mwenyekiti alilitazama kochi lake, akanusa mkono wa kiti, akasema haya, lakini kwanza ioneshwe kamati. Wakikubali, Jemedari arudi kwenye sufuria zake. Wakikataa, wapishi wa kukodi.

Jaribio likafanyika nyumbani kwa Mwenyekiti. Mama Sponji alileta kikapu chake kikubwa, akachemsha maharage, akayafukia, akamwachia wifi yake ulinzi wakati yeye amekwenda kupima viti vya mteja. Alirudi wakati wa kupakua. Maharage yalikuwa vuguvugu na magumu. Meno ya Mwenyekiti, ambayo si yote aliyozaliwa nayo, yalilia mezani. Kinyozi, kwa uaminifu wa ndoa, alimaliza sahani yake akitafuna kama mbuzi. Muuza mkaa, ambaye naye ni mjumbe wa kamati, alisema kwa upole mwingi wa mtu aliyefurahi, "Mama, moto ni moto tu."

Jemedari hakucheka wala hakukasirika. Alinawa mikono akaondoka, na mgongo wake ulionekana mdogo.

Nyumbani Mama Sponji alikitoa kikapu matumbo kama alivyofundishwa na mjomba. Sponji ilikuwa nzima. Blanketi lilikuwa zima. Lakini mto wa kufunikia ulikuwa umelowa mvuke upande mmoja tu, upande ule ambao mkono wa kulia hushika ukiunyanyua, na pembeni kulikuwa na doa la mchuzi lenye umbo la mwiko. Akauweka mto kwapani, akaenda kwa wifi yake.

"Wifi, ulifunua?"

"Nilichungulia tu."

"Mara ngapi?"

Jemedari alitazama paa kama anayetafuta buibui. "Sufuria isiyochunguliwa hununa, wifi. Mimi nilianza kupika kabla huyo kinyozi wako hajaota meno. Nitajuaje kinaendeleaje?"

Mama Sponji alifungua mdomo amkemee, akaufunga. Alikumbuka kochi la Mwenyekiti. Siku ile maharage yaliiva kwa sababu yeye mwenyewe alisahau kama yapo. Nyumbani kwake vikapu vilifaulu kwa sababu kazi humsahaulisha. Dawa ilikuwa sponji, ndiyo, lakini nusu ya dawa ilikuwa kusahau, na mpishi wa kweli hasahau. Ukimwambia asifunue, umemwambia mama asimgeukie mtoto anayelala. Atageuka tu. Jirani zake aliowagawia vikapu vikashindwa, sasa aliwaelewa wote.

Akabaki ameshika ule mto, kidole kikipita kwenye mshono wake mwenyewe. Katika maisha yake ya ufundi ameona watu wakifanya kila jambo juu ya kochi: wanaruka, wanalia, wanamwaga chai, wanaficha barua. Hajaona mtu akilifungua kuchungulia ndani. Kilichoshonwa watu hukiamini.

Akaanza kucheka. Jemedari akamuuliza kama maharage mabichi yamempanda kichwani.

Kamati ilikubali kwa shida kutoa nafasi moja ya mwisho, na hiyo ikawa siku yenyewe ya mtaa, mbele ya watu wote. Muuza mkaa alijitolea kuweka magunia yake karibu, ikitokea haja. Mwenyekiti naye, kimya kimya, aliagiza mikate.

Siku hiyo kabla watu hawajashika majembe, Mama Sponji na kinyozi walisukuma mkokoteni mpaka uwanja wa shule, umebeba makochi. Alikuwa amekusanya viti vikubwa vilivyotupwa, vyenye mbao nzima na nguo zilizochanika, akavitoboa matumbo, akavitandika sponji na mablanketi, kila kimoja kwa kipimo cha sufuria yake. Maharage, yaliyolala kwenye maji tangu jana, yakachemshwa kwa nguvu kwenye majiko ya gesi ya kuazima. Mchele nao ukapata zamu yake. Jemedari alisimama upande upepo unakotoka na kuamrisha wasaidizi kwa mwiko. Alionja kila sufuria, akaongeza chumvi, akaonja tena, akasema haya.

"Sema umeridhika," Mama Sponji akamwambia.

"Nimeridhika."

"Maana ukishasema, hakuna kurudi."

Gesi ikazimwa. Sufuria zikashushwa kwenye matumbo ya viti, mto juu ya kila moja, kitambaa kikavutwa. Hapo Mama Sponji akatoa ile sindano iliyopinda na uzi wa nailoni, akapiga magoti, akaanza kushona. Watu walioacha majembe kuja kunywa maji wakasimama na vikombe mdomoni. Alishona kila kiti pande zote kama anayekirudisha kwa mteja, na kila alipofika mwisho, alimpa wifi yake ncha ya uzi afunge fundo kwa mkono wake mwenyewe. Alipofunga la mwisho, Mama Sponji alivua mkasi uliokuwa shingoni mwake kwa utepe, akamvika yeye.

"Atakayekata ni wewe peke yako," akasema. "Si mimi, si Mwenyekiti. Siku nzima chakula ni chako, wifi, ila mpaka saa ya kula hakikujui."

Ikawa kusubiri. Jamani, kusubiri chakula usichokiona ni kazi kuliko mitaro. Miaka yote watu walifanya kazi huku harufu inawavuta mbele kama kamba. Leo hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna mlio wa sufuria. Minong'ono ikaanza. Mmoja alikwenda nyumbani akidai kufuata kofia, akarudi anafuta midomo. Muuza mkaa alipita pale mara kwa mara, mikono nyuma, akitazama viti kama mtu anayetazama wagonjwa.

Jemedari ndiye aliyeteseka zaidi. Mikono haikujua pa kukaa. Aliishika kiunoni, akaikunja kifuani, akaushika mkasi, akauachia. Aliweka sikio kwenye kiti kimoja, akasikia kimya. Akasema yamekufa. Mama Sponji alimwambia yanalala. Yeye mwenyewe, hata hivyo, hakuwa na uhakika. Alijua sponji yake, alijua blanketi zake, lakini hajawahi kushona chakula cha mtaa mzima, na kilichokuwa ndani ya viti vile hakikuwa maharage tu.

Kisha akaja mgeni wa heshima, ofisa mmoja kutoka mjini, mtu mnene aliyechoka kwa jua. Aliona makochi yamepangwa kivulini, akadhani ni ya wageni, akajibwaga kwenye la kwanza na kuvuta pumzi. Baada ya muda akaanza kujigeuza. Akasema viti vya mtaa huu ni vizuri sana, ila vina joto la ajabu, kama vina homa.

Kinyozi alicheka mpaka akashika mti. Jemedari alitazama ule ukaaji wa mgeni, mkasi ukining'inia kifuani, na uso wake ukafunguka. Joto. Kiti kina homa. Akamwomba mgeni kwa adabu anyanyuke, kwamba amekalia mlo wake, na yeye mwenyewe akakaa hapo hapo, katikati ya mstari, mkono mmoja kwenye kiti cha kulia, mwingine kwenye cha kushoto, kama malkia mwenye majirani. Joto likampanda mgongoni. Tangu hapo hakuna aliyesogea karibu, wala yeye hakutaka tena kufunua. Alianza hata kupiga soga.

Mitaro ilipokwisha na miche kusimama kilimani, watu wakakusanyika, udongo mpaka magotini. Mwenyekiti alisimama karibu na mikate yake, ameifunika kwa gazeti. Jemedari akanyanyuka, akashika mkasi, akamtazama wifi yake. Mama Sponji aliitikia kwa kichwa.

Uzi ulikatika kwa mlio mdogo. Kitambaa kikafunguka, mto ukanyanyuliwa, na mvuke ukapanda wote kwa pamoja, mweupe, mzito, na harufu ile iliyofungwa tangu asubuhi ikawapiga watu usoni mpaka wa mbele wakarudi nyuma. Jemedari alizamisha mwiko, akatoa punje moja, akaibana kati ya vidole viwili. Ikapotea. Ikabaki ganda tu na ulaini. Aliitia mdomoni, akafumba macho, na uwanja mzima ukafumba mdomo naye.

Alipofumbua, alifanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka. Hakutafuta mfuniko wa kugonga. Alivuta pumzi, ikaingia yote, ikafika chini, na akaita. Aliita watu waje kula, kwa sauti yake mwenyewe ya zamani, ile ya kuamrisha, ikapita uwanja, ikapita mapaa, ikagonga kilima ikarudi. Wazee waliokuwa wamekaa walisimama bila kujua kwa nini. Kinyozi alijifanya ana vumbi jichoni.

Walikula wakamaliza, wakakwangua. Wali ulitoka punje kwa punje, kila moja na heshima yake. Mwenyekiti alikula maharage akaisahau mikate, na jioni walipewa watoto waende nayo nyumbani. Muuza mkaa alirudia sahani, akarudia tena, kisha akamwendea Mama Sponji pembeni akamwomba amshonee kimoja, kidogo tu, cha mke wake, na tafadhali asimwambie mtu. Mama Sponji alimwambia mumewe ni kinyozi, kwa hiyo haahidi.

Tangu hapo wapishi wa kukodi hawakutajwa tena. Nyumba baada ya nyumba zikapata kikapu cha sponji, na kila kikapu kina matundu ya kupitishia uzi, maana sasa inajulikana nusu ya dawa iko wapi. Magunia yanayovuka barabara yamepungua, hata muuza mkaa ameanza kuuza miche kando, anasema mteja ni yule yule. Kilimani kuna kijani kifupi, kama kichwa siku chache baada ya kunyolewa.

Na Jumamosi, ukumbini kwa Mama Sponji, katikati ya viti visivyo na nguo, Jemedari hufundisha wanawake na wanaume wanaotaka. Mkasi uko shingoni. Husema chemsha kwa nguvu, onja, ridhika, shona. Akiona mkono wa mtu unanyemelea mto, hunyanyuka tu, akaenda kukikalia kikapu, akaendelea na somo akiwa hapo juu, huku wifi yake akicheka na misumari mdomoni.